Mlango Usiokubali Kila Kipimo

Mada ya jioni hii huenda ikaonekana ndogo kwa ukumbi mkubwa kama huu. Ni mlango, tena si wa mbao wala wa chuma, bali ule ambao wasanifu majengo huuchora kwenye kompyuta na kuupachika katika ukuta wa jengo ambalo bado halijachimbiwa msingi. Katika ofisi nyingi kazi ya kuutengeneza hupewa kijana aliyeajiriwa juzi, kwa kuwa hudhaniwa ni kazi ya vidole tu. Nitadai kwamba ni kazi ya fikra, na ya fikra nzito. Kijenzi cha mlango katika programu ya usanifu ni maelezo ya kipi kinategemea kipi, na ubora wake unaonekana zaidi katika vipimo ambavyo kinavikataa kuliko vile kinavyovikubali. Dai hili linapingana na jinsi vijenzi hivi vinavyosifiwa madukani, ambako muuzaji huhesabu mambo yote yanayoweza kubadilishwa na kuyatangaza kama faida.

Tuanze na jambo ambalo kila anayejifunza programu hizi hulikuta siku ya kwanza. Chora mlango wa kawaida wenye fremu ya uso wa milimita 50, ubao wake na kitasa. Kisha ushike upande mmoja na kuuvuta mpaka upana uongezeke kwa nusu. Kompyuta itatii, lakini itatii vibaya: miimo itanenepa kutoka milimita 50 hadi 75, tundu la ufunguo litapanuka, na kitasa cha mviringo kitakuwa kama yai. Hakuna seremala anayefanya hivyo. Akiagizwa mlango mpana zaidi, anaongeza ubao na kurefusha kizingiti, mwimo unabaki na unene wake, na kitasa kinatoka katika boksi lile lile dukani. Kijenzi cha parameta ni jaribio la kuifundisha kompyuta akili hiyo ya seremala. Badala ya umbo kuvutwa, kinawekwa kipimo kimoja kinachoongoza, na sehemu nyingine zinaambiwa zimfuate nani, kwa kiasi gani, na zipi zisiguswe kabisa.

Wazo lenyewe halikuzaliwa na kompyuta. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza katika kitabu cha nne cha De architectura milango ya mahekalu ya mtindo wa Doriki bila kutaja urefu wala upana wa mlango wowote maalumu. Kimo cha kutoka sakafuni hadi darini kigawanywe sehemu tatu na nusu, na sehemu mbili na nusu kati ya hizo ziwe kimo cha uwazi wa mlango. Kimo hicho nacho kigawanywe mara kumi na mbili: sehemu tano na nusu ni upana wa uwazi kwa chini, na sehemu moja ni upana wa mwimo. Basi mlango wenye kimo cha futi 12 una upana wa futi tano na nusu na mwimo wa futi moja, bila mtu kuulizwa lolote zaidi. Panaponoga ni pale anapofika juu ya mlango, ambako uwazi hupungua kidogo. Kimo kisipozidi futi 16, upungufu huo ni theluthi ya upana wa mwimo. Kikiwa kati ya futi 16 na 25, ni robo. Kati ya 25 na 30, ni thumuni. Kikizidi hapo, miimo isimame wima. Aliyewahi kuandika fomula katika jedwali la kompyuta ataona mara moja kilichopo hapa. Kipimo kinachoingizwa ni kimoja, mengine yote yanakokotolewa, na kuna masharti ya “ikiwa” yaliyopangwa kwa ngazi. Miaka elfu mbili baadaye tumepata mashine ya kuyatekeleza, lakini sina hakika kwamba tumejifunza kuyaandika kwa uchache kama yeye.

Mashine hiyo ilikuja kwa hatua. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT tasnifu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Mtumiaji alichora kwa kalamu ya nuru juu ya kioo, kisha akaiagiza kompyuta ilazimishe mistari miwili iwe sambamba au iwe na urefu sawa. Sutherland alikuwa pia na mchoro mama na nakala zake: ukibadilisha mama, nakala zote zinabadilika. Mambo haya mawili, sharti na mchoro mama, ndiyo mifupa ya kila mlango wa kompyuta hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Samuel Geisberg na kampuni yake, Parametric Technology Corporation, walileta programu ya Pro/ENGINEER kwa wahandisi wa mitambo. Leonid Raiz na Irwin Jungreis, waliotoka katika kampuni hiyo, walianzisha nyingine mwaka 1997 ili kuleta fikra hiyo kwa wajenzi, na toleo la kwanza la programu yao, Revit, likatoka mwaka 2000. Autodesk ikainunua miaka miwili baadaye. Huko Budapest, Graphisoft ilikuwa imeshaanza mwaka 1982, na katika programu yake ya ArchiCAD mlango huandikwa kwa lugha ya kompyuta, mstari baada ya mstari, karibu kama Vitruvius alivyoandika wake. Historia hii naipita haraka, kwa maana inatosha kuonyesha jambo moja: tangu mwanzo teknolojia hii ilikuwa ya masharti, na wepesi wa kubadilisha vipimo ulikuwa tunda lake tu.

Sasa tuingie ndani ya mlango wenyewe, na tuulize swali linaloonekana la kitoto: upana wake ni upi? Mteja anasema milimita 900. Mwashi anaposikia 900 anaacha uwazi wa 900 kati ya tofali na tofali. Ili fremu iingie na kunyooshwa, tumwachie nafasi ya milimita 10 kila upande; fremu basi ina upana wa nje wa 880. Kila mwimo una uso wa 50, lakini umechongwa kidato cha milimita 12 ambamo ubao hulala ukifungwa, kwa hiyo kati ya kidato na kidato kuna 804. Ubao, ambao mafundi wengi wa Tanzania huuita topu, unaachiwa nafasi ya milimita tatu kila upande usije ukakwama masika, na unabaki na 798. Hatujamaliza. Ubao wenye unene wa 40 ukifunguliwa nyuzi 90 unabaki umesimama ndani ya njia. Nafasi anayopata mtu kupita, kutoka uso wa ubao hadi ukingo wa kidato cha upande wa pili, ni 749. Nafasi hiyo ndiyo inayopimwa na viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu, vinavyotaka isipungue inchi 32, yaani kama milimita 815. Mlango wetu wa 900 umeanguka. Lakini mtengenezaji mwingine akichukua 900 kuwa upana wa ubao, hesabu ile ile inampa njia ya 851 na uwazi wa ukutani wa 1,002, na mlango wake unafaulu. Katika jedwali la milango, yote miwili imeandikwa upana 900. Katika picha ya modeli hakuna jicho litakaloitofautisha.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mtengenezaji kijenzi ni kuchagua kipimo kinachotawala. Asipochagua, na akaruhusu upana wa uwazi, wa fremu, wa ubao na wa njia vyote viingizwe kwa mkono, atakuwa ametengeneza kitu chenye uhuru mwingi na ukweli haba: mtu ataingiza namba nne zisizoweza kuwa kweli kwa pamoja. Binafsi naona upana wa ubao ndio unaofaa kutawala katika majengo ambayo milango inanunuliwa tayari, kwa sababu ubao ndio unaouzwa kwa saizi maalumu. Uwazi wa ukuta na njia ya kupita vikokotolewe, vionekane, lakini visiandikwe na mtu. Katika ujenzi wa tofali za vipimo vilivyopangwa mtu anaweza kutetea uwazi wa ukuta, nami sitagombana naye. Ninachopinga ni kutoamua.

Uamuzi huo una ndugu yake: kila parameta imilikiwe na nani. Baadhi ni za aina nzima ya mlango, na ukizigusa kila mlango wa aina hiyo katika jengo unabadilika; nyingine ni za mlango mmoja pale ulipo. Upana wa ubao uwe wa aina. Kina cha fremu kifuate ukuta ulioupokea mlango, ukiwa wa milimita 150 au 230 pamoja na lipu yake. Upande unaofungukia uwe wa mlango mmoja mmoja, na hapa kuna mtego mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Mmarekani huutaja mkono wa mlango akiwa amesimama nje: bawaba zikiwa kushoto kwake na mlango ukienda mbele yake, huo ni wa kushoto. Mjerumani, kwa kufuata kiwango cha DIN, husimama upande ambao mlango unamjia na bawaba zinaonekana. Mlango huo huo mmoja, uliokuwa wa kushoto kwa Mmarekani, kwake ni wa kulia. Muundo wa IFC, ambao programu mbalimbali hubadilishana modeli kwa kuutumia na ambao ulipokewa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2013, hutazama kwa kufuata mwelekeo ambao ubao unaelekea unapofunguliwa. Sasa fikiria mchoraji anageuza mlango kwa kubofya kishale, kama anavyogeuza picha mbele ya kioo. Umbo limegeuka, maandishi “kushoto” aliyoyaandika mtu katika parameta yamebaki palepale. Vitasa vitaagizwa kwa kufuata maandishi. Kijenzi kilichotengenezwa kwa fikra hakimpi mtu nafasi ya kuandika mkono wa mlango. Kinausoma kutoka katika umbo lenyewe.

Nafika kwenye kukataa. Programu kama Revit, masharti yanapogongana, hutoa onyo kwamba hayawezi kutimizwa, kisha humpa mtumiaji kitufe cha kuyaondoa. Sijui kitufe kinachobofywa kwa wepesi zaidi saa tano za usiku kabla ya siku ya kukabidhi kazi. Watengenezaji wengi kwa kuogopa onyo hilo hutumia fomula ya kubana: upana ukiwa chini ya 700, chukua 700. Mlango hauvunjiki, na wao hujiona wamejenga kwa uangalifu. Ukweli ni kwamba wamejenga kitu kibaya zaidi, maana aliyeandika 600 ataendelea kuiona 600 yake katika jedwali huku kwenye modeli kukiwa na mlango wa 700, na hakuna atakayemwambia. Kukataa kimyakimya ni sawa na kudanganya. Afadhali mlango ujitie alama nyekundu katika ramani na neno la onyo katika jedwali, au mtumiaji asipewe nafasi ya kuandika namba kabisa, achague katika orodha fupi ya saizi zilizopo sokoni.

Haja ya kukataa inaonekana wazi kabisa katika milango ya kuzuia moto. Mlango kama huo hupimwa maabara ukiwa mzima: ubao, fremu, bawaba, kitasa, na utepe unaovimba kwa joto ili kuziba nafasi. Cheti chake huhusu mkusanyiko huo na mipaka ya ukubwa iliyoainishwa. Lakini katika kompyuta, dakika 60 za kustahimili moto ni maandishi tu. Mtu anaweza kuuchukua mlango wenye maandishi hayo, akautanua kupita mipaka ya cheti, akaweka na kioo katikati, na maandishi yasibadilike hata herufi. Modeli itapita mikononi mwa mkadiriaji, mkandarasi na mkaguzi, kila mmoja akiamini kwamba aliyetangulia alihakiki. Kijenzi hiki kinapaswa kuufuta ukadiriaji wake chenyewe mara kipimo kinapotoka nje ya cheti. Fomula ya kufanya hivyo ni fupi; kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuuliza mipaka ya cheti ni ipi.

Wapo watakaosema kwamba ninambana msanifu. Ubunifu, watasema, unaanzia pale kipimo kisichozoeleka kinapojaribiwa. Hoja hii ina uzito wakati jengo lingali wazo, na hapo jibu langu ni kutumia mlango mwepesi: uwazi katika ukuta, ubao mmoja, upinde unaoonyesha unavyofunguka, basi. Huo uvutwe utakavyo, kwa sharti kwamba hauna jina la kiwanda, hauna dakika za moto, wala haudai kujua njia ya kupita. Masharti yaongezeke kadiri uamuzi unavyokomaa. Kosa ni kumpa mtu, tangu wiki ya kwanza, mlango wenye bawaba tatu na skrubu zake zote zimechorwa. Modeli inakuwa nzito na kila mtu anadhani mambo yameshaamuliwa.

Wengine watauliza kwa nini tujisumbue ilhali viwanda vinatoa vijenzi vya bure. Vichukuliwe, lakini vifunguliwe kwanza vikaguliwe. Kiwanda kinatengeneza kijenzi ili kuuza, na mara nyingi kinahamisha mchoro wa mashine zake pamoja na kila mkunjo wa bati. Katika ramani ya kipimo cha moja kwa mia moja mikunjo hiyo ni doa la wino. Kipimo chema cha ukaguzi ni kukinyoosha kabla ya kukiamini: weka upana mdogo kabisa, kisha mkubwa kabisa, geuza mkono, badilisha unene wa ukuta, na baada ya kila badiliko soma jedwali pamoja na kutazama picha. Ndiyo maana pia mwenye kujenga kijenzi kipya huanza na mistari ya mwongozo mitupu, akaijaribu kwa namna hiyo, kabla hajaweka hata kipande kimoja cha fremu juu yake.

Pingamizi la tatu linatoka Pwani, nami naliheshimu. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lamu, miji iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000 na 2001, itaingiaje katika fomula? Sehemu moja inaingia vizuri sana. Mfaa, yaani ule mti wa wima wa katikati, umefungwa kwenye ubao mmoja na unafunika maungio ya mbao zote mbili; kwa hiyo mbao haziwezi kufunguliwa kwa mpangilio wowote, lazima moja itangulie. Hilo ni sharti safi kabisa, na modeli isiyolijua haiujui mlango. Nakshi ni jambo jingine. Ukiiambia kompyuta irudie ua moja kadiri kizingiti kinavyorefuka, itakupa mlango ambao hakuna mchongaji aliyeuchonga, kwa sababu mchongaji hupanga nakshi yake kwa ubao ule alionao. Kwa kazi ya uhifadhi, ambako kuta za mawe ya matumbawe ni nene na uwazi wake hauna pembe mraba halisi, mlango upimwe mmoja mmoja na namba zake zifungwe.

Lililobaki ni pingamizi la eneo la ujenzi, na ndilo gumu kuliko yote. Hapa kwetu, inasemwa, ukuta hujengwa kwanza, seremala akaja na futi yake, akapima tundu lililopo na kutengeneza mlango wa kulijaza. Namba za kompyuta zinabaki ofisini. Wanaosema hivi wanaeleza jambo la kweli, lakini wanalisoma visivyo. Seremala mzoefu hapimi mara moja: anapima upana wa juu, wa katikati na wa chini, anachukua ulio mdogo, kisha anarudi kinyumenyume kutoka uwazi hadi fremu, kutoka fremu hadi ubao. Anakokotoa uhusiano ule ule tulioukokotoa hapa, akianzia upande wa pili. Tatizo ni kwamba kipimo chake hakina mahali pa kuandikwa. Kijenzi kinachofaa kwa ujenzi wa namna hii kiwe na parameta ya uwazi uliopimwa, ya mlango mmoja mmoja, ikiwa tupu mpaka ukuta usimame. Ikishajazwa, kijenzi kitoe upana wa fremu katika kipimo hicho na kuonyesha nafasi iliyobaki. Ikibaki chini ya milimita tano kila upande, fremu haitanyooka. Ikizidi ishirini na tano, lipu peke yake haitaishika. Programu si lazima iwe ya gharama kubwa, kwani FreeCAD hutolewa bure na inafanya hesabu hii bila taabu. Kinachohitajika ni safu moja zaidi katika jedwali la milango, na msimamizi atakayeijaza kabla mbao za mninga hazijakatwa.